Mfuko wa Kaki

Alifika Witu kabla ya adhana ya alfajiri,
amejifunga leso ya mtu mwingine.
Somoe ndiye aliyemshika mkono kutoka shule ya msingi,
ambako watu wa vijiji vitatu walilala madarasani,
vichwa chini ya ubao wenye hesabu za kugawanya.

Neno lake la kwanza lilikuwa mai.
Si maji. Mai, kama asemavyo nyanyake wa Siyu.
Nikadhani ni kiu, nikamletea kikombe.
Akakitazama. Kisha akatazama pipa.

Hapo ndipo kazi yangu iliponichoma.
Kwetu mtoto akizaliwa, maji.
Maiti, maji.
Mgeni akivuka kizingiti, birika na bakuli.
Vumbi la safari, homa, hata hasira,
dawa yake ya kwanza ni maji.
Na mimi, mwenye pipa lililojaa hadi ukingoni,
nikamwambia: Usioge. Bado, mwanangu.
Sijawahi kuwa bahili kiasi hicho.

Nilimweleza kila kitu kabla sijamgusa.
Hizi ni glavu. Hii ni pamba.
Ukisema basi, ni basi.
Alisema basi mara mbili,
na mara mbili nikakaa, mikono mapajani,
tukasikiliza jenereta ya polisi ikikohoa.
Vidonge alivipata mapema:
saa sabini na mbili hazijaisha,
hazijafika hata kumi.
Gauni nikalitia katika mfuko wa kaki,
si nailoni, kwani nailoni hutoa jasho,
na jasho hula ushahidi.
Nikaandika tarehe, saa, sahihi.
Jina lake nililiandika mahali pamoja tu,
na mahali hapo si hapa.

Afisa akauliza:
Walitoka msituni, au ni wale wanaowasaka wa msituni?
Akajibu: Walivaa buti.
Afisa akauliza tena,
maana karatasi yake ilikuwa na visanduku viwili.
Walivaa buti.
Nikamwambia afisa achore cha tatu.

Adhuhuri wakaja wazee wawili na mjomba,
kanzu zimenyooka hata katika mwaka kama huu.
Walisema kwa sauti ya chini: siri, sitara, heshima ya ukoo,
vita ni vita, huyu bado ataolewa,
hiyo fomu ichanwe.
Nikauliza sitara hiyo yamfunika nani,
yeye, au buti?
Hawakujibu.

Alijibu Bi Amria, muuza mkate wa mofa,
aliyekuja kuchukua dawa yake ya presha
na ambaye hakuna aliyemuuliza kitu.
Wakati wa Shifta, alisema,
mimi nami nilisitiriwa.
Nimo ndani ya sitara hiyo miaka sitini sasa.
Mna giza humo.
Kisha akaomba dawa yake, akaondoka,
na mjomba akabaki akihesabu vigae vya sakafu.

Jioni ile wanawake hawakungoja barua ya mkuu.
Choo cha shule kilikuwa mwisho wa uwanja,
hatua themanini, mlango hauna komeo, kichaka ubavuni.
Wakakifunga kwa kamba ya ukumbuu.
Wakachimba kingine nyuma ya darasa la nane,
Somoe akashindilia udongo kwa miguu,
akagongomea komeo mbili, zote kwa ndani.
Kuni wakaenda kumi na mmoja, wakarudi kumi na mmoja,
wakihesabiana kwa sauti kama watoto.
Ni kidogo. Najua ni kidogo.
Mwenye bunduki hazuiwi na komeo.
Lakini itambidi agonge,
na sisi tutasikia.

Mfuko ungali kabatini, ufunguo shingoni mwangu.
Masika ya tatu haya.
Kila kesi ikiahirishwa, nashuka Mokowe, napanda boti,
narudi nao mapajani, mkavu.

Ila siku ile, kazi ilipokwisha,
nilimpa sabuni, ndoo na mgongo wangu.
Nikasimama mlangoni nikitazama njia.
Nilisikia maji kwa muda mrefu.
Alimaliza pipa zima.
Nikaenda kuteka jingine.